Kunde za Bure Chini ya Michungwa ya Mwanaima

Saa moja asubuhi, Mwanaima Chirau anapiga ukelele mpaka kuku wanatawanyika. "Kadzo, mwanangu, using'oe! Kata!"

Kadzo, jirani yake aliyekuja kuchuma mboga, anacheka na kuomba radhi. Katika shamba hili la Msambweni kunde ni bure kwa yeyote, ila mizizi haiguswi. Mwanaima anafukua mzizi mmoja kutuonyesha. Umejaa vinundu vidogo vinavyonasa naitrojeni ya hewani. "Humu ndimo kinamokaa chakula cha michungwa yangu," asema.

Ana miaka hamsini na sita, na michungwa thelathini na miwili aliyoachiwa na marehemu mamake. Zamani ilimpa magunia arubaini kwa msimu. Mwaka juzi yalitoka matatu. Matatu!

Kosa lilikuwa lake, wala hafichi. Baada ya maziko aliihurumia miti kama mayatima, akawa anaimwagia mbolea ya yurea mara mbili ya kipimo. "Ilinawiri, wallahi, nikajisifu. Kumbe majani matupu."

Purity, afisa wa kilimo, ndiye aliyemfumbua macho: naitrojeni iliyomo katika yurea ikizidi, mti hukazana na majani ukasahau kuzaa, na inayobaki mvua huipitisha mchangani ikaingia kisimani. Siku hizi Mwanaima hutia samadi na kulaza kunde alizokata chini ya miti. Yurea ni kidogo tu, tena kwa mafungu, ardhi ikisharowa.

Kazi ipo kwa kaka yake, Swabir. Yeye anataka michungwa ikatwe, wapande mivinje wauze nguzo. Alimpa dada mtu msimu mmoja, na msimu wenyewe ndio huu.

"Mama aliipanda akiwa na mimba yangu," Mwanaima asema, machozi yakimlenga. "Ikikatwa, nitabaki na nini chake?"

Juzi Swabir alikuja na msumeno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akauegemeza msumeno ukutani, akazunguka shamba zima akishikashika machungwa mabichi. Akasimama mbele ya mchungwa wa pembeni, uliokonda kuliko wenziwe.

"Na huu," akauliza, "umekula?"

Mwanaima akamjibu bado. Swabir akaenda mwenyewe kubeba ndoo ya samadi.

Mvua za vuli zikija, Mwanaima amepanga kuongeza miche kumi, na kunde katikati yake.

"Hajatamka kwamba ibaki," asema, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Lakini aliyekuja kukata mti haulizi kama umekula."