Radi Chini ya Mkuyu

Harufu ya manyoya yaliyoungua hunirudia puani kila masika yanapoanza kunguruma. Nilikuwa na miaka kumi, nikichunga ng'ombe wa baba nje kidogo ya Magu, kwenye majani yanayoshuka hadi ziwani. Baba alikuwa ameniagiza niwarudishe mapema nikiona mawingu. Niliyaona, nikaendelea kucheza. Ngurumo ya kwanza ilinikuta mbali na nyumbani, nimevaa sweta jekundu, na kwetu kila mtoto alijua kwamba rangi nyekundu huita radi. Nikalivua, nikalitupa mbali, kisha nikawaswaga ng'ombe chini ya mkuyu wasilowe. Sweta nililiogopa, lakini mti sikuuogopa hata kidogo. Nikachuchumaa kando, miguu nimeibana pamoja. Ukapiga mwanga mweupe. Nilipofumbua macho, ng'ombe watano walikuwa wamelala ubavu, mmoja bado ana majani mdomoni. Mimi sikuwa na hata mchubuko.

Nyumbani, kwa kuogopa fimbo, nilidai walikimbilia mtini wenyewe. Wiki ile shangazi Minza, dada yake baba, mjane aliyeishi nasi, alikuwa amegombana na baba, na majirani wakasema radi ile imetumwa. Baba akamwita uani mbele ya watu.

"Ng'ombe wangu watano wamekufa, mtoto unayempenda wewe kapona. Radi ilimjuaje huyu?"

Shangazi akanitazama, akingoja niseme neno. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko pale mkuyuni. Nikainama. Kesho yake alivuka ziwa kwenda Sengerema na kifurushi cha nguo.

Leo mimi ni mtaalamu wa mifugo, naishi Buswelu. Nawaeleza wafugaji kwamba radi ikipiga mti, umeme husambaa ardhini. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, kwa hiyo umeme humpandia huku na kushukia kule, ukipita moyoni. Mtu aliyebana miguu ana nafuu. Wananisikiliza, wengine wanaandika.

Mwaka jana nilivuka kwenda kumweleza shangazi yote hayo, na kwamba ni mimi niliyewaswaga mtini. Alisikiliza huku akichagua mchele, hakunilaumu. Aliuliza tu, "Baba yako umeshamwambia?"

Sijamwambia. Nikifika Magu namwamkia, anaitikia marahaba, tunazungumza habari za chanjo na malisho, na kila nikitaka kuanza, nainama kama siku ile uani. Shangazi bado yuko Sengerema.