Saini ya Wifi Yangu

Nilipoamua kununua shamba la migomba la marehemu baba, kule Kirushya, sikuwaza habari za mwanasheria. Muuzaji alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyerithi, maana kwetu binti hugawiwa sufuria na baraka, na sasa alikuwa anahamia Nyarubungo kutafuta eneo kubwa. Nilitaka tuandikiane kwenye karatasi ya daftari, tunywe soda, yaishe. Mtendaji wa kijiji akakataa kuigongea muhuri. Akatutuma kwa mwanasheria.

Tulipanda bodaboda hadi Ngara mjini, nimenuna njia nzima. Mwanasheria alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alitupa shikamoo zetu, akafungua faili, akamgeukia kaka.

"Baba, mama wa nyumbani anajua kuwa shamba linauzwa?"

Kaka akatazama dirishani. Nikamjibia mimi.

"Binti, hili ni shamba la baba yetu. Mkewe kaolewa tu kwetu."

"Samahani, mama. Amelilima miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja," kaka akasema kwa sauti ya chini.

"Basi bila yeye kuridhia na kusaini, siandiki."

Akafunga faili. Nilimsema yule binti kutoka mjini hadi nyumbani.

Kwa kuwa kaka aliogopa kumwambia mkewe, kesho yake nilikwenda mimi. Wifi alikuwa uani anachambua maharage. Nilimweleza yote: kuuza, kuhama, saini. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Na mwanangu?" akauliza.

Kifungua mimba wake amezikwa upande wa chini kabisa wa shamba. Nilikuwepo siku ile, nilimshikilia wifi kiunoni asianguke. Na ni upande huohuo niliokuwa nimepanga kung'oa migomba nijenge. Niliona aibu, nikakosa pa kuweka mikono.

"Wifi, nani atakuzuia kuja? Sisi si ndugu?"

"Basi iandikwe," akasema.

Ikaandikwa. Kaburi lisiguswe, na mama yake aingie siku yoyote bila kuomba ruhusa. Mwanasheria alimsomea mara mbili, polepole, na wifi akaweka dole gumba. Kila mmoja akapewa nakala yake. Ya kwangu niliitia kwenye sanduku, nikaisahau.

Mwaka huu wifi alikuja kutoka Nyarubungo kupalilia kaburi. Nilimkuta amesimama njiani, nje ya mpaka, jembe begani.

"Karibu wifi, pita! Unasimama juani kwa nini?"

Hakupita. Alifungua pindo la kitenge, akatoa nakala yake iliyochakaa mikunjoni, akaninyooshea. Nilitaka kumwambia aiweke, tusitiane aibu. Nikaipokea. Niliisoma yote mbele yake, hadi kwenye alama ya dole lake, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Ndipo akaingia.