Siku Sita za Mzee wa Sibwesa

Niligundua nimechelewa nikiwa nimesimama ofisini kwangu Mpanda, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, mwingine unafunua jalada. Nilikuwa nimetenga asubuhi hiyo niandike rufaa ya mzee mmoja wa Sibwesa, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake zamani. Baraza la ardhi lilikuwa limempa jirani yake shamba lote. Sheria ilitupa siku arobaini na tano za kukata rufaa, na juu ya jalada nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu tarehe ya mwisho: bado siku nane.

Nikaisoma hukumu. Tarehe zake hazikulingana na nilichoandika. Mwezi ule nilipokea hukumu mbili, zikipishana wiki mbili, na tarehe ya jalada moja nilikuwa nimeiandika kwenye jingine. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani. Muda wa mzee ulikuwa umekwisha siku sita zilizopita.

Nilikaa chini. Karani wangu, mama wa makamo ambaye huwa hasemi sana, aliuliza kama naumwa.

"Funga mlango," nikamwambia.

Niliogopa vitu vingi kwa pamoja: kufikishwa kwenye kamati ya nidhamu, kusemwa na mawakili wenzangu kwenye korido za mahakama. Lakini zaidi nilimwogopa yule mzee. Alikuwa ameniuliza mara mbili kwa simu, na mara zote mbili nilimjibu, "Usiwe na wasiwasi, muda upo."

Habari ile sikuweza kuipeleka kwa simu. Kesho yake nilipanda pikipiki, tukapita Kabungu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta zizini na mke wake. Nikaletewa kiti.

"Mzee, muda wa rufaa umepita. Niliandika tarehe vibaya."

Alifuta mikono kwenye suruali.

"Kosa ni la kwangu au la kwako?"

"La kwangu."

"Kuna njia?"

"Tunaweza kumwomba jaji atuongezee muda. Anaweza kukataa."

"Basi andika hivyo, mwanangu. Andika kosa ni la kwako."

Mkewe aliondoka bila kuniaga.

Kwenye maombi kama hayo, mahakama hutaka ueleze kila siku uliyochelewa. Nikakaa na daftari langu kutafuta zile sita. Siku ya kwanza nilikuwa mahakamani tangu asubuhi. Ya pili nilikwenda Katumba kuandika wosia wa mteja mgonjwa. Ya tatu ilikuwa Jumapili. Ya nne daftari lilikuwa tupu, na kichwani mwangu pia hamkuwa na kitu. Nilimuuliza karani, nikamuuliza mume wangu. Hakuna aliyekumbuka. Hilo lilinitisha kuliko kosa lenyewe, kwamba siku nzima ya maisha yangu imepita na mimi sijui nilikuwa wapi. Niliandika kwenye hati ya kiapo kwamba siikumbuki; ya tano na ya sita nilikuwa ofisini, nikidhani muda bado upo.

Sumbawanga, Mahakama Kuu, nilisimama na joho langu mbele ya jaji.

"Wakili, siku ya nne ulikuwa wapi?"

"Mheshimiwa, sikumbuki."

"Ungeweza kuandika chochote hapa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Aliandika kwa muda mrefu. Mzee alikuwa nyuma yangu, nikimsikia akipumua. Jaji akasema uzembe wa wakili si sababu nzuri, ila siku ni chache na hatukumficha kitu. Akatupa siku kumi na nne. Rufaa niliipeleka siku ya pili. Ilipokuja kusikilizwa, mzee alirudishiwa shamba, isipokuwa kipande cha bondeni.

Sasa kila Jumatatu, kabla simu hazijaanza kulia, karani ananisomea tarehe zote kutoka kwenye rejista yake, nami namjibu kutoka kwenye yangu. Tukitofautiana, tunafungua hukumu yenyewe. Mwaka huu tumetofautiana mara tatu. Mara ya tatu aliyekuwa amekosea ni mimi.