Hasara: Hakuna

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya wanyamapori, Mikumi, na barua yangu ya kulalamikia nyani walioingia jikoni kwangu. Akaingia mama mtu mzima kutoka kijiji cha Zombo, ameshuka kwenye bodaboda, kanga imejaa vumbi, ndoo mkononi. Askari wa wanyamapori hakuinua kichwa. Alifungua daftari, akashika kalamu.

"Tembo wamekula ekari ngapi?"

"Hawajala."

Kalamu ikasimama. "Sasa umekuja kuripoti nini?"

"Hilo hilo. Mwaka jana waliponimalizia shamba uliandika humo. Safari hii mlikuja mkatufundisha kuzungushia shamba kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Wamefika mpaka kwenye kamba, wamenusa, wamegeuka. Nimevuna. Andika."

"Mama, hili daftari ni la hasara tu."

"Basi andika kwamba haipo."

Akafunua ndoo. Ilikuwa na mahindi ya kuchemsha, bado yana joto.

Askari aliyatazama mahindi, akalitazama daftari, kisha chini ya neno Hasara akaandika taratibu: Hakuna. Halafu akafanya jambo alilopaswa kulifanya tangu mama anaingia. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

Na mimi nilipewa hindi moja. Kulalamika huku unatafuna ni kazi ngumu, jamani. Nyani wangu nimewasamehe, na ile barua niliitumia kufungia gunzi.