Bibi wa Kibakwe na Kesi ya Ngogwe

Wachukuzi waliofika Dodoma juzi wameniambia kwamba yule bibi wa Kibakwe, mkulima wa mboga niliyezoea kununua kwake ngogwe, zile nyanya chungu, amefariki. Nilihuzunika, kisha nikajikuta nacheka peke yangu, maana niliikumbuka kesi yake.

Ilikuwa kabla reli haijafika huku. Bibi alitoa porini mche wa ngogwe mwitu, wenye miiba na vitunda vyekundu, vidogo kama njegere, akaupanda pembeni mwa bustani yake kwa kuwa aliona haunyauki kiangazi. Jirani yake, mfanyabiashara wa Kondoa, alikuwa na ngogwe nyeupe zisizo chungu, mbegu ya kwao. Msimu uliofuata mbegu za jirani zikaota miche ya miiba, na matunda yalikuwa machungu hata mkewe akamwaga mboga yote. Jirani akaenda kushtaki kwa jumbe, akitaka bibi afukuzwe katika shamba lile. Bibi alikuwa mjane, na bustani ile ndiyo iliyomlisha.

Nilikuwapo. Bibi hakukana, alisema nyuki hawajui mpaka wa shamba. Kisha akamgeukia jirani. "Mwanangu, mbuzi na kondoo hawazaani. Hizi zimezaana kwa sababu ni ndugu. Hata hiyo nyeupe yako, asili yake ni porini. Kuna mwanamke alionja, akatunza mbegu ya ile isiyo chungu sana. Binti yake akafanya hivyo hivyo, na wajukuu, mpaka ikakufikia wewe."

"Sasa mimi nile miiba, Bibi?" jirani akauliza.

Watu wakacheka, jumbe naye akacheka. Akaamua bibi abaki, ila wachague mbegu pamoja, wote wawili. Basi kila mavuno walionja na kubishana, wakang'oa miche yenye miiba, wakatupa matunda yaliyo machungu. Mvua zilipokatika, ngogwe nyeupe za wengine zilikufa. Zao, za rangi ya maziwa na zisizo na miiba, zilisimama. Jirani mwenyewe ndiye aliyepeleka mbegu zake Kondoa, akijisifu njia nzima, na naambiwa ndiye aliyelia kuliko wote mazishini.

Mboga tunayoila leo imepita katika vinywa vya wanawake wengi ambao hatuwajui, na kila mmoja alijinyima kidogo. Nawe, msomaji, ukiliona tunda lililo bora kuliko yote bustanini mwako, usilile. Liache liive mpaka likauke, liwe mbegu.