Ukumbi Ndani ya Miwani

Kibandani kwake, fundi cherehani huyu ana maneno ya kugawa bure. Lakini mpe kipaza sauti, anageuka gogo. Kwenye harusi ya mdogo wake alisimama, akameza mate, akawaambia maharusi mbele ya watu mia mbili, "Poleni sana." Watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo mtaa unamwita Mama Poleni, naye akaapa kutoshika tena hicho kidude.

Sasa binti yake wa pekee anaolewa Jumamosi, na ametia ngumu.

"Sitaki mjomba aongee badala yako, mama. Nataka wewe. Usipoongea wewe, asiongee mtu."

Ndipo mpwa wake wa kike, fundi kompyuta, alipomletea jikoni miwani mizito ya kufunika nusu ya uso.

"Ukivaa hii, shangazi, unaona ukumbi umejaa. Si watu wa kweli. Wazoee hao kwanza."

Akavaa, kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni. Lo! Watu kibao wanamkodolea macho.

"Po... poleni," akasema.

Makofi! Akajaribu tena: "Cherehani yangu inakata uzi." Makofi, na wengine wakasimama kabisa. Kumbe hawa hata ukiwatukana wanashangilia! Kicheko kikaanza kumpanda.

Kisha akamwona bwana mmoja wa safu ya mbele. Suti imenyooka, lakini shati vifungo vimeshonwa upande wa kike. Jirani yake hivyo hivyo. Ukumbi mzima!

"Nani kawashonea hawa?" akafoka, akamfuata yule bwana na kumpima bega.

"Shangazi, hilo ni friji!"

Alikaa sakafuni akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Alipoinuka, woga hakuuona tena. Alihutubia mara tisa, na kila mara aliwagombeza kwanza kuhusu vifungo.

Jumamosi ikafika, akashika kipaza sauti. Watu wa kweli hawakupiga makofi. Walimngoja tu, na mjomba mtu akaanza kukohoa kama anayejiandaa kuokoa jahazi. Hotuba yote aliyoikariri ikayeyuka. Fundi akamgeukia binti yake, akasahau wengine wote.

"Mwanangu, kila gauni nililokushonea niliacha pindo nene. Ukirefuka, nafumua, nalishusha kidogo. Miaka yote nimekuwa nafumua na kushusha. Hili ulilovaa leo nimelikata sawa na kipimo chako." Akavuta pumzi. "Sikuacha pindo, mama. Umeshakua."

Bibi harusi alikuwa analia na kucheka kwa mpigo, wanja umefika mashavuni.

"Endelea, mama," akasema.

Basi akaendelea! Furaha ilimpanda kichwani, akasimulia jino la kwanza, akasimulia surua, akaigiza hata sauti ya mwalimu mkuu, na ukumbi ukawa hoi kwa vicheko. Mshereheshaji alimwonyesha saa mara tatu. Fundi akampa mgongo, akahamishia kipaza sauti mkono wa pili.