Mvua Yetu Hujaioa

Mama mkwe wangu ndiye aliyeniambia kwanza kuwa mvua ya leo ni hali ya hewa tu. Tabianchi ni mazoea ya mahali kwa miaka mingi. Nilimwelewa juzi, pale wanapouza miche Kimandolu.

Kijana mmoja wa magharibi ya Mlima Meru alitaka miche mingi ya migomba. "Mke wangu ni Mmeru. Anasema nyumba bila migomba si nyumba, atarudi kwao!" Akanyanyua kiatu chenye tope. "Na wiki hii kwetu imenyesha, ona!"

Mama muuzaji akacheka. "Shemeji, hilo ni tope la wiki moja. Mawingu ya kutoka baharini humwaga mvua upande wetu huu. Yakivuka mlima, yanawafikia ninyi yakiwa matupu. Mke umeoa, mvua yetu hujaioa."

"Sasa nifanyeje?"

"Chukua mmoja, uupande panapomwagika maji ya kuogea. Na uoge kila siku!"

Aliondoka na mche mmoja, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Wanaume wengine huahidi kuhamisha milima; huyu aliahidi kuoga.

Kesho yake asubuhi, huku kwetu Olasiti, ambako nako mawingu hufika matupu, nilimwogesha mwanangu kando ya mgomba wetu uliosinyaa.